Kupima plastiki ya lenzi bandia ya jicho: mwongozo wa anayeanza maabara

Kila muhula maswali ni yale yale. "Mbona uzito wa diski yangu hautulii?" "Mbona rifraktomita inanipa 1.334 wakati mtengenezaji ameandika 1.46?" "Nikipata lenzi zilizopita muda kwenye stoo ya hospitali, naweza kuzitumia?" Wanaouliza ni wanafunzi wa uhandisi wa vifaa tiba, mafundi sanifu wa maabara, na mara mojamoja daktari wa macho aliyeamua kufanya utafiti baada ya kuona lenzi ya mgonjwa wake imeingia ukungu. Afadhali majibu yakae mahali pamoja.

Shika jambo moja kwanza, na nusu ya maswali hayo yatakwisha. Lenzi inayowekwa baada ya kutolewa mtoto wa jicho haiishi kwenye hewa kavu ya maabara. Itakaa ndani ya jicho miaka na miaka, imezungukwa na majimaji, kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Basi ipime ikiwa imeshiba maji na ina joto hilo. Namba nyingi za ajabu ninazoletewa zimetoka kwenye plastiki iliyopimwa nusu kavu, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kisha mpimaji akailaumu plastiki.

Mwongozo huu unakufikisha wapi

Utakuwezesha kupima vitu sita kwenye maabara ya kawaida ya chuo: kiasi cha maji, namba ya mpindo wa mwanga (kiasi plastiki inavyoupinda mwanga, ndicho rifraktomita inachosoma), mwanga unaopita, vimetameta (vishimo vidogo vya maji ndani ya plastiki), mabaki yanayotoka kwenye plastiki, na uimara wake ikikaa majini muda mrefu. Hautakuwezesha kusema lenzi fulani ni salama kuwekwa kwenye jicho la mtu. Kauli hiyo ina mlolongo wake wa viwango vya kimataifa vya ISO 11979 (lenzi za ndani ya jicho) na ISO 10993 (usalama wa vifaa tiba mwilini), una vipimo vya sumu kwa seli, vya wanyama na vya wagonjwa, na kwa Tanzania unaishia mezani kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Sampuli yoyote iliyopita mikononi mwako isirudi hospitali. Iandike "SI YA BINADAMU" tangu siku ya kwanza, kwenye kila chupa.

Ijue plastiki uliyonayo

Lenzi ya kwanza kabisa aliiweka Harold Ridley, hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949. Ilikuwa ya PMMA (polimethili methakrileti), plastiki ile ile ya vioo vya ndege za kivita. Ridley alikuwa ameona vipande vyake vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta uvimbe mkubwa. PMMA bado ipo, ni ngumu, haikunjiki. Siku hizi utakutana zaidi na aina tatu zinazokunjika: silikoni, akriliki inayokataa maji, na akriliki inayopenda maji. Tofauti ya hizi akriliki mbili ndiyo inayowachanganya wengi. Inayokataa maji kwa kawaida hubeba maji chini ya asilimia 1 au zaidi kidogo. Inayopenda maji hubeba kuanzia asilimia 18 hadi 38, na nyingi ziko kwenye asilimia 26. Ukipokea sampuli isiyoeleza ni ipi, usianze kazi. Muulize aliyekupa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Diski za plastiki yenyewe, bapa, kipenyo cha milimita 15 hivi na unene wa milimita 1, zote za bechi moja. Angalau 5 kwa kila kipimo, na nyingine kadhaa za akiba.
- Lenzi kamili chache za plastiki hiyo hiyo, kwa ajili ya kipimo cha vimetameta.
- Diski za PMMA za ukubwa huo huo, kama sampuli linganishi.
- Mizani inayosoma miligramu 0.1. Ukipata ya 0.01, bora zaidi.
- Oveni ya ombwe, na desiketa (chombo kinachofungwa cha kutunzia vitu vikavu) yenye silika jeli iliyokaushwa. Angalia rangi yake kabla, usiamini kuwa mwenzako aliibadilisha.
- Hodhi la maji lenye kidhibiti joto, na kipimajoto cha pembeni kilichohakikiwa. Namba inayoonekana kwenye kioo cha hodhi ni ahadi tu.
- Rifraktomita ya Abbe yenye mirija ya kupitishia maji ya moto.
- Spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaopita) inayoanzia nanomita 300 au chini yake, pamoja na kyuveti (vichupa vya kupimia) za kwatzi.
- Hadubini yenye kamera, na ikiwezekana yenye mwanga wa pembeni.
- Kifaa cha Soxhlet (huosha sampuli tena na tena kwa kimiminika kinachochemka), chombo cha kuchemshia cha umeme, isopropanoli safi ya maabara.
- Salaini (maji ya chumvi) ya asilimia 0.9, maji yaliyokenekwa, chupa za kioo cha borosiliketi zenye vifuniko vinavyobana.
- Vibano vya plastiki vyenye ncha butu, glavu zisizo na poda, karatasi ya chujio isiyoacha nyuzi.

Kwa nini diski na si lenzi? Lenzi nzima ina uzito wa miligramu 20 hivi. Kama plastiki inabeba maji asilimia 0.5, hayo ni miligramu 0.1, yaani ile tarakimu ya mwisho ya mizani yako, ambayo inachezacheza hata mlango ukifungwa kwa nguvu. Diski ya miligramu 200 itakupa miligramu 1 nzima ya kupima. Hapo una kitu mkononi.

Na zile lenzi zilizopita muda? Ndiyo, zinafaa kwa vimetameta na kwa kujizoeza kushika vibano. Kwa uzito, hapana. Unapoziomba, andikiana na hospitali, na ziondolewe kwenye orodha yao ya stoo. Lenzi inayozurura bila karatasi ni hatari kuliko unavyodhani.

Hatua ya 1: Pokea, weka alama, osha

Ipe kila diski chupa yake na namba yake. Alama iwe kwenye chupa, kamwe si kwenye diski. Wino wa kalamu huingia ndani ya akriliki na utaukuta tena kwenye hatua ya mabaki, ukidhani umegundua kemikali mpya.

Muulize mtengenezaji swali moja: je, diski hizi zimeshachujwa mabaki, au zimetoka moja kwa moja kwenye kalibu ya kumiminia? Andika jibu kwenye daftari. Suuza kila diski kwa maji yaliyokenekwa mara tatu. Usitumie sabuni, usitumie spiriti. Kuanzia hapa kidole hakigusi diski, hata chenye glavu. Kazi hiyo ni ya vibano.

Hatua ya 2: Kausha mpaka uzito ukae

Akriliki inayokataa maji, silikoni na PMMA ziweke kwenye oveni ya ombwe, nyuzi 60. Tandika karatasi ya Teflon chini yake, maana akriliki laini hunata kwenye kioo ikipata joto na utaibandua ikiwa imepinda. Inayopenda maji usiikimbize. Ianze kwenye desiketa kwa joto la chumba usiku mzima, ndipo uipeleke kwenye oveni. Ikikauka huwa ngumu kama kifungo cha shati, na ikikaushwa kwa pupa hupasuka kuanzia ukingoni.

Toa, acha ipoe ndani ya desiketa kwa nusu saa, pima. Rudisha. Pima tena baada ya saa 24. Vipimo viwili vinavyofuatana vikitofautiana kwa chini ya miligramu 0.1, huo ndio uzito mkavu wa kwanza. Usiniulize ni siku ngapi. Uzito ndio unaosema.

*Tahadhari:* plastiki kavu hubeba umeme tuli, na mizani huusoma kama uzito. Ukiona namba inapanda au kushuka polepole bila kusimama, ama diski inarukia ukuta wa mizani, hiyo ndiyo sababu. Igusishe kwenye karatasi ya foili iliyounganishwa na ardhi, au ongeza unyevu kidogo chumbani, kisha pima upya.

Hatua ya 3: Loweka na upime maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Weka kila diski kwenye chupa yake yenye mililita 20 za salaini, funga, zamisha chupa kwenye hodhi la nyuzi 35. Pima kila siku kwa saa ile ile. Inayopenda maji hushiba ndani ya siku chache. Inayokataa maji huchukua muda zaidi, hata wiki mbili kwa unene wa milimita 1. PMMA ndiyo mvivu kuliko zote: hunywa polepole sana, na mwisho wake hukaribia asilimia 2.

Namna ya kupima diski iliyolowa ni hii. Weka vipande viwili vya karatasi ya chujio mezani, karibu kabisa na mizani. Toa diski kwa vibano, ilaze juu ya karatasi ya kwanza, hesabu moja hadi tatu bila kuikandamiza. Igeuze kwenye karatasi ya pili, hesabu tena hadi tatu. Pitisha ukingo wake kwenye sehemu kavu ya karatasi, maana tone hupenda kujificha pale. Iweke kwenye mizani, funga mlango, na usome ifikapo sekunde ya 20 tangu ilipotoka majini. Kwa diski inayopenda maji utaona namba ikishuka mbele ya macho yako, kwa sababu maji yanaruka hewani. Usisubiri itulie, haitatulia. Soma kwenye sekunde ile ile kila mara, kwa kila diski, na kazi hii aifanye mtu yule yule tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wawili wana mikono miwili tofauti, na tofauti hiyo itaonekana kwenye jedwali.

Ikishashiba, ikaushe tena kama hatua ya 2 na upate uzito mkavu wa mwisho. Wengi huruka hatua hii. Diski ambayo haikuchujwa mabaki hupoteza kidogo ikiwa majini. Ukitumia uzito mkavu wa kwanza, upotevu huo utakula kiasi cha maji, na kwa akriliki inayokataa maji unaweza kupata jibu hasi.

Hesabu:

Asilimia ya maji = (uzito ulioshiba − uzito mkavu wa mwisho) ÷ uzito ulioshiba × 100

Mfano: ulioshiba gramu 0.2703, mkavu gramu 0.2000. Tofauti ni 0.0703. Ukigawa kwa uzito ulioshiba unapata asilimia 26.0. Ukigawa kwa mkavu unapata asilimia 35.2. Plastiki ni ile ile moja! Kwenye lenzi desturi ni kugawa kwa ulioshiba. Iandike kanuni uliyotumia ndani ya ripoti, la sivyo msomaji atakulinganisha na kitu kingine.

Hatua ya 4: Namba ya mpindo wa mwanga

Unganisha rifraktomita na hodhi la nyuzi 35, acha maji yazunguke nusu saa. Anza kwa kuhakiki kifaa kwa maji yaliyokenekwa. Kwa mwanga wa njano wa sodiamu yanatakiwa yasome 1.3330 kwenye nyuzi 20, na 1.3313 kwenye nyuzi 35. Kama hupati hivyo, rekebisha kifaa kwanza. Hakuna faida ya kupima lenzi kwa rifraktomita isiyojua maji.

Diski iwe imeshiba, kutoka moja kwa moja kwenye chupa ya nyuzi 35. Ikaushe juu kwa karatasi kama hatua ya 3, ilaze kwenye prizimu, funga, soma haraka. Plastiki laini hugusana na prizimu vizuri yenyewe. PMMA, kwa kuwa ni ngumu, inahitaji tone dogo la kimiminika cha kuunganisha chenye namba kubwa kuliko yake. Bromonafthalini, yenye 1.658 hivi, ndiyo inayotumika sana. Fanyia kazi hiyo chini ya kabati la kuvuta hewa. Akriliki laini isiguswe na kimiminika hicho, kwani huenda ikavimba na kukupa namba ya mchanganyiko. Na prizimu ni kioo laini: kibano cha chuma kikiteleza mara moja, kovu lake utaliona miaka yote.

Namba za kutarajia: silikoni 1.41 hadi 1.46, akriliki inayopenda maji 1.46 hivi, PMMA 1.49, akriliki inayokataa maji 1.47 hadi 1.55.

Je, tarakimu ya tatu ina umuhimu? Ina umuhimu sana. Nguvu ya lenzi inategemea tofauti kati ya namba yake na ya majimaji ya jicho, ambayo huchukuliwa kuwa 1.336. Kwa lenzi ya 1.460 tofauti hiyo ni 0.124 tu. Ukikosea kwa 0.005 umekosea asilimia 4 ya nguvu, na kwa lenzi ya diopta 20 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) hiyo ni diopta 0.8. Kiwango cha ISO 11979-2 kinaruhusu kosa la diopta 0.4 kwa lenzi za nguvu hiyo. Umeshavuka mara mbili, na mgonjwa angerudi kliniki kuomba miwani.

Jambo la mwisho hapa: viwango vya lenzi vinatumia mwanga wa kijani wa nanomita 546, na Abbe ya kawaida inasoma kwa njano ya nanomita 589. Kwa PMMA tofauti ni kama 0.002, ya kijani ikiwa juu. Taja mwanga uliotumia.

Hatua ya 5: Mwanga unaopita

Diski iliyoshiba iwekwe wima ndani ya kyuveti ya kwatzi iliyojaa salaini, mbele yake kizuizi chenye tundu la milimita 3. Sifuri ipatikane kwa salaini tupu na kizuizi hicho hicho. Pima kutoka nanomita 300 hadi 800. Soma mahali ambapo mwanga unaopita unafikia asilimia 10. Kwa lenzi zenye kinga ya miali ya urujuanimno mara nyingi ni kati ya nanomita 380 na 400. Lenzi za njano hupunguza pia mwanga wa bluu juu ya hapo, usidhani imechafuka.

Kosa la kawaida ni kyuveti ya plastiki. Yenyewe hufyonza urujuanimno, na utaisifu PMMA ya kawaida kuwa ina kinga ambayo haina.

Hatua ya 6: Vimetameta

Hivi ni vishimo vidogo sana vinavyojaa maji ndani ya plastiki, mikromita 1 hadi 20 kwa upana, ambavyo daktari huviona vikimeremeta kwenye taa ya kuchunguzia jicho. Ni tatizo hasa la akriliki inayokataa maji. Joto likipanda, plastiki hubeba maji zaidi. Likishuka, maji ya ziada hukosa pa kwenda na hujikusanya kwenye vishimo.

Chukua lenzi kamili iliyoshiba. Iweke kwenye salaini ya nyuzi 45 kwa saa 24, kisha nyuzi 37 kwa saa 2 na nusu. Ichunguze papo hapo kwa hadubini, ikiwa bado ndani ya maji na bado ina joto. Piga picha za katikati ya lenzi, hesabu vimetameta kwa kila milimita ya mraba. Ukiitoa majini kwanza, vingi vitapotea kabla hujafungua kamera.

Vumbi na viputo vya hewa vipo kwenye uso. Vimetameta vipo ndani. Zungusha kitasa cha hadubini polepole kutoka uso wa juu hadi wa chini: kinachoonekana vizuri katikati ya unene ndicho cha kuhesabu.

Hatua ya 7: Mabaki

Plastiki isiyokamilika kuungana huacha molekuli ndogo ndani yake, na hizo zinaweza kutoka taratibu ndani ya jicho. Pima uzito mkavu, weka diski kwenye Soxhlet, chemsha. Fanya seti moja kwa maji na nyingine kwa isopropanoli. Endelea hadi uzito mkavu usipungue tena. Asilimia iliyopungua ndiyo jibu lako la kwanza. Kimiminika kilichobaki kwenye chupa kipeleke kwenye maabara yenye kromatografia (mbinu ya kutenganisha kemikali) ili ijulikane ni nini hasa kimetoka. Peleka pia isopropanoli iliyochemshwa saa zile zile bila diski.

Silikoni na akriliki laini huvimba mno ndani ya isopropanoli. Zikikaushwa ghafla hupasuka na vipande vikipotea vitahesabika kama mabaki. Ziache zipoe humo humo, zipitishe kwenye mchanganyiko wa nusu maji nusu isopropanoli, halafu maji, ndipo ukaushe. Hakuna moto wa wazi chumbani, na usiondoke kwenda chai huku inachemka.

Baadaye rudia hatua ya 5 kwa diski iliyochujwa. Ile alama ya asilimia 10 ikisogea kuelekea namba ndogo, basi kinga ya urujuanimno haikushikamana na plastiki, imetoka pamoja na mabaki. Mimi nikiona hivyo, sina haja ya kuendelea na plastiki hiyo.

Hatua ya 8: Kuzeesha majini

Kiwango kinataka ujue plastiki itakuwaje baada ya miaka 5 majini. Huwezi kusubiri, basi unapandisha joto. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi inakuwa mara mbili. Kutoka 35 hadi 90 ni nyuzi 55, yaani 2 kwa kipeo cha 5.5, ambayo ni mara 45 hivi. Miaka 5 ni siku 1,826. Gawa kwa 45, unapata siku 41. Kwa nyuzi 70 kasi ni mara 11 tu, na utahitaji zaidi ya miezi 5.

Diski ziwe kwenye chupa za borosiliketi zilizofungwa kabisa, pamoja na chupa za salaini tupu zikae humo humo. Pima uzito wa kila chupa nzima mwanzoni na mwishoni. Ikipungua, kifuniko kimevuja, diski hiyo iondoe kwenye hesabu. Mwishoni rudia hatua za 4 na 5 na uchunguze uso kwa hadubini: mikwaruzo mipya, nyufa, ukungu, rangi.

Umeme ukikatika, na utakatika, saa ambazo joto lilikuwa chini ya 90 hazihesabiki. Weka kifaa kidogo cha kurekodi joto ndani ya oveni, kinachotumia betri yake chenyewe. Bila rekodi hiyo, siku 41 zako ni za kubahatisha.

Kuna kipimo cha kuzeesha kwa mwanga, na cha leza ya nanomita 1064 ile ambayo daktari huitumia kufungua utando nyuma ya lenzi. Hivyo vinahitaji vifaa na tahadhari za aina nyingine, sitavigusa hapa. Vivyo hivyo mabaki ya gesi ya kuulia vijidudu: kikomo chake ni mikrogramu 1.25 tu kwa lenzi, na maabara ya chuo mara nyingi haina kifaa cha kuona kiasi hicho.

Mambo yakienda kombo

*Rifraktomita inasoma 1.334.* Umepima salaini iliyobaki juu ya diski. Ikaushe juu na urudie.

*Akriliki inayopenda maji inasoma 1.50 au zaidi.* Imekauka kati ya chupa na prizimu. Irudishe majini ishibe upya, kisha sogeza hodhi karibu na kifaa.

*Mstari wa rifraktomita una ukungu, hauna ukingo mkali.* Diski haikugusa prizimu sawasawa, au uso wake umekwaruzwa. Jaribu upande wa pili. Ikishindikana, tumia diski nyingine.

*Uzito ulioshiba unapanda kila siku bila kukoma.* Angalia kama uzito wa diski za PMMA nao unapanda kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida. Kama ndiyo, tatizo ni mizani au ukaushaji wako wa karatasi. Kama ni plastiki yako peke yake, huenda inaoza polepole na kufungua nafasi za maji. Hapo iendee hatua ya 8 bila kuchelewa.

*Diski moja kati ya tano iko mbali na wenzake.* Usiifute. Iangalie kwa hadubini, tafuta kiputo au ufa, andika ulichokiona. Ikiwa nzima kabisa, ibaki kwenye jedwali.

*Ukungu mweupe umetokea kwenye akriliki inayopenda maji.* Inawezekana ni chumvi za kalisi na fosfeti. Dondosha rangi ya alizarini nyekundu kwenye diski moja ya akiba: ikishika rangi nyekundu mahali penye ukungu, kalisi ipo. Angalia kwanza ulitumia maji gani kutengeneza salaini. Maji ya bomba yaliyopita kwenye kichujio hayatoshi. Ikiwa salaini ilikuwa safi na isiyo na fosfeti, chunguza kifungashio ambacho diski zilikuja nacho kabla ya kuilaumu plastiki.

*Vimetameta vinaonekana leo, kesho havipo.* Lenzi imekauka au imepoa polepole usiku. Anza tena kuanzia kushiba, na safari hii kamera iwe imewashwa kabla lenzi haijatoka kwenye nyuzi 37.